Harusi ya dada, kanda mbili na tundu la FireWire

Nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. La hasha. Kazi za wateja zilinifunga mikono, halafu kukazuka jambo la nyumbani lililonifunga zaidi, na ndilo nataka kuwasimulia leo. Ni habari ya matundu ya tarakilishi (wengine mnasema kompyuta, sina ugomvi nanyi), yale tunayochomekea kamera, diski na printa bila kuyafikiria. Mimi pia sikuwa nikiyafikiria hadi Mama aliponipigia simu.

Desemba 2003 dada yangu mkubwa aliolewa, kwetu Voi. Mjomba ndiye aliyepiga video. Alikuwa na kamera aliyoletewa na rafiki yake kutoka Dubai, inayotumia kanda za MiniDV, zile ndogo zinazoenea kiganjani. Harusi ilikula kanda mbili. Mjomba akazipeleka kwa watu wa kuhariri video hapa Nairobi, na baada ya mwezi tukaletewa VCD yenye maua, mioyo inayozunguka, na muziki. Muziki huo ulianza bwana harusi anashuka garini na haukunyamaza hadi keki ilipokatwa. Wale wenye umri wangu mnazijua VCD za namna hiyo.

Shida ni kwamba katikati ya muziki huo Baba alihutubia. Kwenye VCD unamwona amesimama kwenye hema na suti yake ya kijivu, midomo inatembea, mkono unapanda na kushuka, na kwaya inaimba juu yake. Hakuna hata neno lake moja. Na Mama hakumsikia siku ile, kwa sababu alikuwa nyuma ya nyumba akisimamia sufuria za pilau. Wanawake waliokuja jikoni walimwambia tu, "Amekutaja." Alimtajaje? Kila mtu ana lake. Baba mwenyewe ukimuuliza alikuwa anacheka. Akafariki mwaka 2009.

Mwaka huu Mjomba alihama nyumba, na chini ya kitanda likatokea sanduku: kamera ile ile, imefungwa kwa leso, na kanda tano zenye mwandiko wake. Mbili zimeandikwa "Harusi A" na "Harusi B". Simu ya Mama ilikuja jioni hiyo hiyo. "Mwanangu, wewe si fundi wa tarakilishi? Nitolee maneno ya baba yako humo." Mimi huandika programu za kukusanya malipo ya vyama vya akiba, lakini nyumbani kwetu hiyo na kutengeneza redio ni kazi moja. Nikamjibu kwamba ni kazi ya jioni moja.

Ilinichukua wiki saba.

Kamera ilikuwa na matundu mawili ya kuunganisha na tarakilishi. La kwanza lilikuwa la USB, na waya wake ninao droo nzima. Nikachomeka, tarakilishi ikaitambua, nikafurahi. Nikafungua nikakuta picha kumi na moja za mnato, za mbuzi na za gari la jirani. Za kanda, hakuna. Hivyo ndivyo kamera nyingi za MiniDV zilivyoundwa: USB ilikuwa ya kutoa picha za kadi ndogo ya kumbukumbu, si ya kutoa video ya kwenye kanda. Video ilikuwa na njia yake, tundu la pili, dogo sana, lenye vidole vinne na herufi mbili juu yake: DV. Hilo ndilo FireWire.

Wasomaji vijana huenda hamjawahi kuiona, kwa hivyo tukae hapa kidogo. Apple ilianza kuiunda FireWire katika miaka ya 1980, Sony, Texas Instruments na wengine wakaingia, na mwaka 1995 ikapitishwa kuwa kiwango rasmi kwa jina IEEE 1394. Sony iliiita i.LINK, watu wa kamera wakaiita DV, na ukichanganyikiwa hukosei. Ilikuwa na uwezo wa megabiti 400 kwa sekunde. Linganisheni na USB ya kwanza, ya mwaka 1996, ambayo Ajay Bhatt na wenzake wa Intel waliisukuma pamoja na makampuni mengine: megabiti 12 tu. USB iliundwa kwa ajili ya kibodi, kipanya na printa, na kwa hayo ilitosha.

Lakini kasi pekee haielezi kwa nini kamera zilichagua FireWire. Kanda ikianza kuzunguka haisubiri mtu. Inatoa picha 25 kila sekunde (kwa kamera za PAL kama zetu), karibu megabaiti 3.6 kwa sekunde, na saa moja ya kanda ni kama gigabaiti 13. Data ya namna hiyo inahitaji ahadi ya wakati.

Fikiria matatu na basi la usiku la Mombasa. Matatu hungoja ijae, na ukikosa hii utapanda ijayo. Faili husafirishwa hivyo: ikipotea sehemu, inatumwa tena, na hakuna aliyeumia. Basi la usiku ni jambo jingine. Umekata tiketi, kiti ni chako, na saa ikifika linaondoka uwe umekikalia au hukukikalia. FireWire huugawa kila sekunde mara 8,000, na katika kila kigawo kamera huwekewa kiti chake. Hakuna wa kumnyang'anya, hata diski iwe inapiga kelele kwenye waya ule ule. Ila abiria akichelewa, hatumwi tena. Kumbukeni hilo, litanirudia usoni baadaye.

USB pia ina safari za aina hiyo, tusiidhulumu, lakini megabiti 12 hazikutosha video ya DV. Na kwenye USB tarakilishi ndiyo mwenye nyumba: kila kifaa hungoja kuulizwa. Kwenye FireWire vifaa ni majirani. Unaweza kuunganisha kamera mbili bila tarakilishi yoyote na kunakili kanda ya moja kwenye nyingine. Tarakilishi nayo inaweza kuiamuru kamera irudishe kanda, icheze, isimame, kupitia waya ule ule wa picha. Mwaka 1999 Apple ilipouza iMac DV pamoja na programu ya iMovie, hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe: chomeka kamera, hariri harusi yako nyumbani. iPod ya kwanza, ya mwaka 2001, ilikuwa na FireWire peke yake.

Sasa, iliuawa na nini? Sehemu kubwa ni pesa. Apple ilitaka kulipwa dola moja kwa kila tundu. Mwaka 1999 wenye hataza wakakubaliana kuishusha hadi senti 25 kwa kifaa kizima, lakini USB ilikuwa haidai hata senti, na Intel haikuwahi kuiingiza FireWire ndani ya chipu zake za ubao mama. Aliyetaka FireWire alilipia chipu ya ziada. Kisha mwaka 2000 ikaja USB 2.0, megabiti 480. Duka likikuonyesha 480 na 400, utachagua ipi? Majaribio ya diski yalionyesha mara nyingi kwamba ile ya 400 inanakili haraka zaidi, kwa kuwa haipotezi muda mwingi wa kuulizana, lakini namba ya kwenye boksi ilikuwa imeshinda tayari. FireWire 800 ilikuja ikakuta watu wameshaondoka uwanjani.

Na mimi nilikuwa miongoni mwa walioondoka, tena kwa majivuno. Mwaka 2010 Mjomba aliniuliza afanye nini na tarakilishi yake ya mezani, kubwa, yenye tundu la FireWire kwa mbele. Nikamwambia aitoe, kila kitu sasa ni USB. Kanda zilikuwa chini ya kitanda, kamera ilikuwa bado inachaji, Baba alikuwa amezikwa mwaka mmoja tu uliopita, na mimi mtaalamu wa familia nikashauri itupwe mashine pekee iliyoweza kuzisoma. Hilo sikumwambia Mama. Amelisoma hapa, kama amelisoma.

Kipakatalishi changu cha leo kina matundu ya USB-C tu. Kwa Mac za miaka ya karibuni kulikuwa na njia ya kuungaunga: kutoka USB-C kwenda Thunderbolt ya zamani, kutoka hapo kwenda FireWire 800, kutoka hapo kwenda kidude cha vidole vinne. Treni ya vipande vitatu, kila kimoja na bei yake. Lakini Apple ilipotoa macOS 26 mwaka 2025, iliiondoa FireWire kwenye mfumo, na treni yako ikabaki bila reli. Kwenye Linux mambo ni bora. Mjapani mmoja, Takashi Sakamoto, alichukua ulezi wa sehemu hiyo ya kerneli mwaka 2023 na mpango wake ni kuitunza hadi 2029. Huyo simjui, lakini nina deni lake.

Kwa hivyo nilihitaji tarakilishi ya mtumba yenye nafasi ya kadi za PCI, na kadi ya FireWire ya kuitia humo. Ya kwanza ilikuwa rahisi. Mashine za ofisi kutoka Uingereza zimejaa tele jijini. Kadi ndiyo ilinitembeza. Pale Luthuli Avenue nimeuliza maduka yasiyopungua kumi. Kijana mmoja akaniuzia kwa ujasiri kadi ya Wi-Fi. Mwingine akaniambia vitu hivyo haviruhusiwi kuingizwa nchini. Mwishowe fundi mzee wa kurekebisha runinga akavuta boksi la vyuma vikuukuu, akachimbua, akatoa kadi yenye matundu matatu na chipu ya Texas Instruments. "Hii unataka?" Nilijikaza nisitabasamu ili bei isipande. Ilipanda hata hivyo.

Tahadhari kwa yeyote atakayefuata njia hii. Tundu kubwa la FireWire, la vidole sita, hutoa umeme, na volti zake zinaweza kufika 30. Plagi yake ina umbo linalozuia isiingie kinyume, lakini matundu ya zamani yamelegea, na ukiilazimisha kinyume unachoma kamera. Mimi nilizima vyote viwili, nikachomeka waya wa sita kwa nne, nikatazama mara mbili kwa tochi, ndipo nikawasha. Pia tumieni kamera iliyorekodi kanda yenyewe kama bado iko hai. Vichwa vya kamera hizi havilingani kabisa, na kanda iliyorekodiwa na moja huweza kugoma kwa nyingine. Kabla ya kucheza niliipeleka kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha polepole, maana ilikuwa imekaa mkao mmoja zaidi ya miaka 20.

Programu niliyotumia ni dvgrab, ya programu huria, ya zamani na isiyo na mapambo yoyote. Amri yenyewe:

dvgrab --format raw --size 0 harusi-a-

Ikakataa. Ruhusa ya /dev/fw1, bila shaka. Nikairekebisha, nikarudia, na kutoka upande wa pili wa meza nikasikia kamera ikijiwasha yenyewe, kanda ikaanza kuzunguka. Sikuigusa. Amri ilikuwa imepita kwenye waya. Nimeandika programu kwa miaka mingi lakini sauti ile ya mota ilinisimamisha.

Nikaiacha ifanye kazi nikaenda kupika chai. Niliporudi kulikuwa na mistari kadhaa ya onyo: picha zimepotea. Mashine ilikuwa imeamua kupakua masasisho ya mfumo, diski ikalemewa, akiba ndogo ya kumbukumbu ikajaa, na kamera ikaendelea kutuma bila kumngoja mtu. Basi la usiku. Nikasogeza video hadi mahali palipokatika. Nilikuwa nimeshaapa nisisikilize kabla ya Mama, lakini ilibidi nijue. Ilikuwa ni ndani ya hotuba. Baba anasema, "Na mama yao," halafu anaruka, halafu watu wanapiga makofi.

Nilikaa pale muda. Kosa lilikuwa langu, si la kanda, kwa hivyo kurudia kungesaidia. Lakini kanda kuukuu kila ikipita kwenye kichwa huacha unga, na kamera ilikuwa imeanza kutoa mkwaruzo. Ningeweza kuirudia na ikatafunwa hapo hapo. Nikazima kila kitu kwenye ile mashine: masasisho, mtandao, hata mazingira ya madirisha. Nikasafisha kichwa kwa kanda maalumu ya kusafishia, nikaipumzisha kamera usiku mzima. Asubuhi nikaanza tena, safari hii nikiwa nimekaa mbele yake kama mlinzi wa benki. Dakika 60. Hakuna onyo hata moja. Sikuisikiliza.

Kulikuwa na kituko kimoja zaidi. Kanda B ilipokamilika nilikuwa na gigabaiti 26 za kuhamishia kwenye diski ya nje, maana asubuhi nilikuwa napanda treni kwenda Voi. Mashine ile ina matundu ya buluu, yaani USB 3.0, megabiti 5,000 kwa sekunde. Nikachomeka diski kwa waya uliokuwa karibu, na kunakili kukaenda kwa megabaiti 35 tu. Nikaandika lsusb -t na jibu likawa 480M. Waya ulikuwa ule uliokuja na chaja ya simu. Plagi ya USB 2.0 ina vidole vinne, ya USB 3.0 ina tisa. Waya wangu ulikuwa na vinne, na tundu la buluu halina la kufanya ila kushuka hadi kasi ya mwaka 2000. Nikatafuta waya mwingine, 5000M, na dakika 12 zikawa nne na ushee. Hapo kikwazo kikawa diski kuukuu ya ndani.

Dakika nane si tofauti ya kuua mtu. Linaloniudhi ni kwamba siku hizi umbo la tundu halikuambii kitu. Wakati wa FireWire ulikuwa ukikosea huingii kabisa. USB-C, tangu 2014, inaingia kila mahali, juu chini, na ndani yake kunaweza kuwa na megabiti 480 au gigabiti 80. iPhone 15 ya mwaka 2023 ina tundu la USB-C linaloenda kwa kasi ya USB 2.0, na ndugu yake, 15 Pro, ana tundu lenye umbo lile lile linalofika gigabiti 10. Nimeanza kufunga uzi wenye rangi kwenye nyaya zangu. Mke wangu anacheka.

Voi nilifika mchana. Mjomba alikuwa ameshakuja, dada alikuwa kwenye simu kutoka Kakamega. Nikaunganisha kipakatalishi na runinga, nikasogeza hadi kwenye hema.

Sauti ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Hata jenereta linasikika. Baba anaanza kwa kuwatania wakwe kwamba gari lao liliharibikia Mtito Andei makusudi ili chakula kipungue. Watu wanacheka. Anazungumza Kiswahili kitupu kwa sababu ya wageni. Anaendelea kwa dakika kadhaa kuhusu karo na mvua. Halafu: "Na mama yao yuko jikoni, hanisikii, ndiyo maana nasema sasa. Huyu bibi harusi alisoma kwa cherehani. Cherehani ile haikuwa yangu. Iliuzwa elfu tatu mia tano, na mimi sijawahi kuilipa."

Makofi.

Mama hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Ilikuwa elfu nne."

Mjomba akaangua kicheko hadi akakohoa. Mama akaniashiria kwa mkono, "Rudisha kidogo, baba." Nikarudisha. Akasikiliza tena, akaniambia nirudishe tena, na mara ya nne akatoka kwenda kuepua chai bila kuangalia nyuma.

Zimebaki kanda tatu. Moja imeandikwa "Shamba 2005", nyingine haina kitu, na ya tatu Mjomba anasema ni mazishi ya nyanya. Kamera bado inakwaruza. Nitaanza na isiyo na jina Jumamosi, na kama kuna msomaji mwenye kamera ya MiniDV inayofanya kazi, hata kwa kuazima, tafadhali aniandikie.